Kichwa cha Nyumba Kikiuma

Huku kwetu Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, mama anayelea peke yake haugui mawazo. Ana presha. Ana alsa. Mgongo unamsumbua, kichwa kinamgonga tangu juzi, na hayo yote atayataja bila haya akiwa anasubiri kupimiwa mafuta dukani. Ila ukimwuliza kama analala usiku, atakucheka tu. Kulala ni kwa mwenye mtu wa kumwachia mlango.

Mimi ni mmoja wao. Nashona sare za shule na kurekebisha mitumba, na nina watoto watatu. Habari za baba yao si za leo. Kilichonifikisha kwenye kikundi cha tiba ya mazungumzo ninachotaka kukisimulia hakikuwa huzuni, maana huzuni sikuwa na nafasi ya kuiona. Kilikuwa moyo. Ulikuwa unaanza kwenda mbio mwendo wa saa tisa usiku, vidole vinakufa ganzi, nami niko macho nikitazama mabati na kupanga madeni: kodi kabla ya tarehe tano, karo, mkopo wa simu ambao ujumbe wake huingia hata Jumapili watu wakiwa ibadani. Zahanati wakanipima presha, ikawa sawa. Nikapewa vidonge vya maumivu, nikarudi kwenye cherehani.

Aliyenishtukia ni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu. Ni wale ambao serikali iliwazindua mwaka 2023, wapatao 100,000 nchi nzima, na mikoba yao ya vifaa. Wengine huwadharau kwa kuwa si madaktari. Huyu alikuja kuangalia kadi ya chanjo ya mtoto wa jirani, akaniona, akavuta kigoda na kutoa karatasi yenye maswali tisa ya kupima msongo wa mawazo.

Huenda umeshawahi kuulizwa maswali hayo bila kujua. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo? Umekuwa mnyonge? Umekosa usingizi, au umelala kupita kiasi? Kila jibu lina alama, kuanzia sufuri hadi tatu, kwa hiyo mwenye hali mbaya kabisa hufika 27. Ukifika 10, unapaswa kuangaliwa zaidi. Kuna karatasi nyingine ya maswali saba kwa ajili ya wasiwasi. Hiyo ya maswali tisa ilitungwa Marekani, lakini imejaribiwa huku pia: watafiti waliipima kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2009, na ikaonekana inashika.

Swali la sita ndilo lililonishika mimi. Linauliza kama unajiona umeshindwa, au umeiangusha familia yako. Mengine nilikuwa nimeyajibu harakaharaka, jicho likiwa kwenye pindo nililokuwa nimeliacha nusu. Hilo nikalinyamazia. Kama nyumba nzima inakutazama wewe, hakuna siku inayokwisha bila mtu fulani kukosa kitu fulani, na anayekosa hukutazama usoni.

Swali la tisa linauliza kama umewahi kuwaza kwamba ni afadhali ungekufa, au kujidhuru. Mhudumu aliniambia kwamba akina mama wengi hulijibu kwa kutikisa kichwa kabla halijamalizika kusomwa. Siwalaumu. Kwa miaka na miaka kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la kumpeleka mtu jela hadi miaka miwili. Mwanamke mwenye watoto ambaye akisema ukweli anaweza kufungwa, naye ndiye mlezi pekee, atasema nini? Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtaani habari hiyo haijafika. Naiandika hapa ili ifike.

Alama zangu zilitosha kunipeleka kwenye kikundi. Nilitaka vidonge, nikapewa ukumbi wa kanisa, Jumanne alasiri.

Nilidhani tutaombewa. Ningekubali, naomba kila siku, lakini kwa kuombewa nisingefunga kazi. Ilipoonekana kwamba hakuna maombi wala mahubiri, nikataka kujua hiki kitu kimetoka wapi, na tangu hapo nimekuwa nikikisoma kila ninapopata. Tiba yenyewe, ambayo kwa Kiingereza huitwa Interpersonal Psychotherapy, iliasisiwa Marekani miaka ya 1970 na Gerald Klerman na Myrna Weissman, na ilikuwa ya mtu mmoja na mtaalamu wake. Msingi wake mtu yeyote wa mtaani angeukubali: ugonjwa huu mara nyingi umeshikana na jambo lililotokea kati yako na watu. Umefiwa. Umegombana. Maisha yamegeuka ghafla. Au huna mtu. Unatafuta ni lipi kati ya hayo manne linalokubana, kisha unalishughulikia hilo, badala ya kuhangaika na kila kitu kwa pamoja.

Kuifanya ya kikundi na kuileta vijijini ni kazi iliyofanyika kwa majirani zetu. Katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, ambako UKIMWI ulikuwa umeacha vifo na madeni kila mji, watafiti walichukua vijiji 30. Waliwafunza wenyeji wasio madaktari kwa wiki mbili, kisha wanawake wakakutana kivyao na wanaume kivyao, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Waliokuwa kwenye vikundi, asilimia 86 walikuwa na msongo mkubwa wa mawazo mwanzoni, na mwishoni wakabaki asilimia 6.5. Wasiokuwa kwenye vikundi walitoka asilimia 94 hadi 54.7. Mimi napenda kuitazama hiyo safu ya pili pia, kwa sababu watangazaji wa miradi huiruka: wapo wengi waliopata nafuu bila kikundi chochote. Muda nao hutibu. Ila mwenye nyumba hangoji upone.

Tangu hapo Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wa vikao vinane, mwaka 2016. Na Kisumu, wanawake 256 wanaoishi na virusi na waliowahi kupigwa au kudhulumiwa waliingizwa kwenye utafiti wa tiba hiyohiyo, ila ya mtu mmojammoja, ikiendeshwa na watu wasio wataalamu wa akili. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha nafuu kubwa kuliko kwa wale walioachwa na huduma za kawaida tu. Kwa hiyo anayesema mambo haya ni ya wazungu na wachezaji sinema, aende mtaa wa Kondele, hukohuko Kisumu, akaulize.

Sasa niwaeleze tunavyokaa.

Tulikuwa wanawake tusiozidi kumi, viti vya plastiki kwenye duara. Mwezeshaji wetu ni mama aliyekuwa mwalimu wa chekechea, na kuna mtaalamu ambaye yeye huripoti kwake. Masharti yalisomwa siku ya kwanza. Linalosemwa ndani halitoki nje (walio katika makala haya wamenipa ruhusa, nami nimebadilisha vya kubadilishwa). Hakuna kukopeshana. Hakuna kuja na mali ya kuuza, na hapa wawili walirudisha mifuko chini ya viti, mmoja ana omena, mwingine mafuta ya kujipaka. Kisha kila mtu anasema wiki yake ilikuwaje, na siku iliyokuwa mbaya zaidi ilikuwa ipi.

Wiki za kwanza zilikuwa vichekesho. Kila mmoja wetu ndiye anayetatua mambo kwake, kwa hiyo kila mmoja alikuja na suluhisho na hakuna aliyekuja na shida. Mama mmoja akisema hajalala, watano wanamwagizia dawa za mitishamba. Kikundi kizima cha washauri, hakuna mgonjwa. Mwezeshaji aliacha tuchoke. Halafu akawa anarudia swali moja: "Na kabla ya siku hiyo kuharibika, kulitokea nini?" Aliuliza hivyo kila Jumanne, kwa kila mtu, mpaka tukaanza kujiuliza wenyewe nyumbani. Huwezi kuamini ni mara ngapi jibu huwa ni mtu. Hata deni lina uso: ni mwenye duka aliyekutangaza mbele ya watoto.

Mama anayefulia watu nguo Milimani alikuja na mwanawe wa miaka kumi na saba, yaani alikuja naye mdomoni. Kijana ameacha shule, anaingia usiku wa manane, akiulizwa anajibu kwamba yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Hatukumpa mawaidha. Mwezeshaji aliuliza ni nani anaweza kuwa huyo kijana, na mwenzetu mmoja, mpole siku zote, akanyanyuka, akatia mikono mifukoni, akanuna vilivyo. Ukumbi ulicheka hadi machozi. Mama wa watu akaanza kuzungumza naye, na sentensi yake ya kwanza ikawa, "Wewe umekuwa kama baba yako." Sote tukaguna kwa pamoja. Alisimama pale kimya, halafu akasema kumbe hiyo ndiyo anayoianza nayo kila siku. Wakajaribu tena na tena hadi akapata njia ya kuanza isiyomtaja baba. Nyumbani haikuwa muujiza. Kijana hakurudi shule mwaka huo. Ila walianza kula pamoja, na alama za mama zikashuka.

Kuna jambo la Nakuru ambalo sijui kama wa miji mingine watalielewa. Mwishoni mwa Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu walichinjana katika mitaa hii hii. Majina ya mitaa mnayajua. Mwenzetu mmoja alimpoteza mumewe wiki ile, akakimbilia kambi ya uwanja wa maonyesho na watoto wawili, na mazishi yalifanywa harakaharaka na watu aliokuwa hawajui. Tangu hapo ameuza mboga, ameuza viazi, amesomesha. Hajawahi kuketi akamlilia. Na aliyekuwa ameketi kiti cha pili kutoka kwake, wa kabila lile lingine, alifiwa na kaka wiki ileile.

Hawakujua kwa muda. Ilipojulikana, kila mtu alitazama sakafu. Nilidhani kikundi kimekufa. Tunasalimiana vizuri mtaani, tunanunua kwa wenzetu, lakini jambo hilo hatuliongelei, na kila uchaguzi ukikaribia watu hupeleka watoto ushago mapema. Mwezeshaji hakuhubiri amani. Alimwomba yule mjane atueleze mumewe alikuwa mtu wa namna gani, aache kifo, aanze na mtu. Mjane akafikiri. "Alikuwa mchoyo wa sukari," akasema. "Alikuwa anaificha kwenye buti zake za kazi." Aliyecheka wa kwanza ni yule dada wa kiti cha pili, na kicheko hicho ndicho kilichomfungua mjane. Aliongea kikao kile karibu chote, akalia kwa sauti ya mtu aliyefiwa jana. Wiki iliyofuata dada naye akamleta kaka yake, alivyokuwa, na pikipiki yake ambayo haikuwahi kuwaka asubuhi. Yote hayo kwa Kiswahili, kwani ndiyo lugha ambayo haikumpendelea yeyote pale ndani. Sikuona wakikumbatiana, na sidhani ni marafiki. Wanasaidiana kushika mlango wa ukumbi.

Langu lilikuwa dogo kando ya hayo. Ilionekana sina mtu, ingawa nina dada yangu Njoro, mwendo wa matatu moja. Sikuwa nimemwambia chochote tangu nianze kuishi peke yangu, kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Kazi niliyopewa ilikuwa kumwomba kitu kimoja, chochote. Nikamwomba amchukue mtoto wa kati likizo ya Agosti. Alikubali kabla sijamaliza, kisha akanigombeza. Moyo wa saa tisa usiku ulipungua pole pole. Walitufundisha pia kupumua taratibu, hewa ikitoka kwa muda mrefu kuliko inavyoingia. Nililidharau zoezi hilo, lakini hutuliza vidole.

Sasa kuna swali ambalo shemeji zetu, wahasibu na wanasiasa huuliza: si mngepewa pesa tu? Ni swali la haki na limeshapimwa, tena katika vijiji vya kaunti hii yetu ya Nakuru. Utafiti wa watu 5,756, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2020, uliwapa wengine pesa taslimu zenye thamani ya dola 1,076 kwa hesabu ya vile pesa hizo zinavyoweza kununua huku kwetu, wengine ushauri wa wiki tano, wengine vyote viwili. Mwaka mmoja baadaye waliopata pesa walikuwa wanakula vizuri zaidi, wana mali zaidi, na hata nafsi zao zimetulia zaidi. Ushauri peke yake haukuonyesha badiliko lolote la kupimika, hata kwa waliokuwa na hali mbaya mwanzoni. Waliopata vyote walikuwa sawa na waliopata pesa peke yake.

Nilipousoma mara ya kwanza nilikasirika. Sasa naona unanena kweli ambayo wapenzi wa vikundi hawataki kuisikia. Ukimkalisha mtu kwenye kiti, ukampa mbinu za kutatua shida, na shida yake ni unga, umemcheza shere. Nitasema pia kwamba ule ulikuwa ushauri wa wiki tano, wa mtu mmojammoja, na uligawiwa watu wa vijijini kwa jumla. Rakai ilikuwa wiki 16, duara, na waliochaguliwa kwa sababu ni wagonjwa. Hizo si tofauti ndogo. Lakini sitazitumia kukwepa jambo lenyewe: pesa hutibu mawazo yaliyoletwa na kukosa pesa. Kaunti ikileta vikundi ili isilete basari, nitakuwa wa kwanza kupiga kelele.

Ninachoweza kushuhudia ni kwamba kuna lililobaki hata pesa ilipokuwepo. Kuna mwenzetu ambaye ana duka la maana, na wapangaji. Mumewe yuko hai, yuko Mombasa, hutokea Desemba. Hesabu za serikali za mwaka 2022 zinasema karibu thuluthi moja ya nyumba za Kenya zinaongozwa na wanawake, na sina hakika kama wake wa Desemba wamo. Yule mama ndiye aliyekuwa na alama za juu kuliko sisi sote. Hakuwa anakosa kitu. Alikuwa hajasikia mtu akimwuliza habari zake bila kufuatisha ombi. Alituambia kwamba kwa dakika tisini za Jumanne hakuna anayemwita mama fulani akitaka kitu. Sikumwonea wivu tena.

Kikundi hakifai kila mtu. Anayesikia sauti, aliye na mipango ya kujidhuru, ambaye hawezi kutoka kitandani, huyo ni wa hospitali, na huenda wa dawa. Mmoja wetu alipelekwa hivyo kutoka kikao cha pili, na alikuwa sahihi mwezeshaji aliyemkatalia kubaki. Anayepigwa nyumbani anahitaji kwanza mahali salama. Nambari ya msaada ya 1195 hupigwa bure. Na wengine hawapendi tu kuongea mbele za watu, basi.

Vikao vilipokwisha tulipimwa upya kwa karatasi ileile, na tukataka mara moja kugeuka chama cha kuchangiana. Mwezeshaji alikuwa ametuonya tungoje, kwa sababu aliyeshindwa kutoa mchango wiki hii hatakuja kusema amelala vibaya wiki ijayo. Hatukungoja. Wawili wameshaondoka kwa ajili ya deni la mzunguko wa kwanza, na mmoja wao ni yule mpole aliyeigiza kijana. Waliobaki wanakutana kwa ajili ya pesa Jumamosi, na wachache wetu bado hukutana Jumanne, bila daftari.

Ukitaka kujiunga na kikundi mahali ulipo, uliza kwanza kama mwezeshaji ana mtu aliye juu yake anayemsimamia, na mgonjwa akizidiwa atapelekwa wapi. Uliza kama mtapimwa mwishoni au mtaagwa kwa soda tu. Halafu uliza watoto watakaa na nani. Kwetu wanakaa nyuma ya ukumbi na msichana aliyemaliza kidato cha nne, tunamchangia shilingi ishirini kila mama, na siku ambazo yeye hakuja, nusu ya viti vilikuwa tupu.